Mgonjwa Naye ni Raia

Wahenga walinena: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ndivyo walivyohisi wagonjwa wengi wa Marekani waliotumainia utafiti wa seli shina, yaani seli changa ziwezazo kukua na kuwa seli za moyo, za neva au za kongosho.

Mwaka 2001 Rais George W. Bush aliwekea mipaka fedha za serikali kuu kwa utafiti wa seli zitokazo katika viinitete vya binadamu. Mwaka 2006 Bunge lilipitisha mswada wa kuilegeza mipaka hiyo. Rais akaukataa kwa kura ya turufu. Kanisa Katoliki na Wakristo wengi wa Kiinjili waliupinga mswada huo, wakiamini kwamba kuharibu kiinitete ni kuua.

Imani hiyo yastahili heshima. Hata hivyo, mswada ulihusu viinitete vilivyobaki katika kliniki za uzazi, ambavyo vingetupwa. Wala serikali kuu haikukataza kuvitupa. Mgonjwa aliyepooza alikuwa na haki ya kuuliza: kwa nini kiruhusiwe kutupwa, kisha kisiruhusiwe kunifaa?

Mwaka 2009 Rais Barack Obama aliiondoa mipaka ile. Maradhi hayakuwa yamewasubiri wote.

Mwanafunzi mpendwa, muumini ana haki ya kukataa tiba asiyoiridhia. Lakini akitaka sera ya nchi imfunge na jirani yake, hana budi kutoa hoja ambayo hata asiye wa dini yake aweza kuipima.