Kizuri Hakijiuzi

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii hupendwa sana na watu wasiokuwa na cha kuuza. Mtangazaji wa redio humtupia msanii anayeomba wimbo wake upigwe. Mjomba humtupia fundi kijana asiyepata wateja. Ukikosa soko, basi kazi yako mbovu. Huo ni uongo, na shahidi wangu ni mpiga piano Fletcher Henderson.

Henderson alizaliwa Cuthbert, Georgia, mwaka 1897, akasomea kemia Atlanta, akaenda New York mwaka 1920. Nani angemwajiri mkemia Mweusi siku zile? Akaishia kwenye piano. Kufikia 1924 alikuwa akiongoza bendi katika ukumbi wa Roseland, ambako waliocheza dansi ni Wazungu, huku Louis Armstrong yuko kwenye tarumbeta na Coleman Hawkins kwenye saksafoni. Humo ndimo yeye na mpangaji wake wa muziki, Don Redman, walimoujenga mtindo ambao baadaye uliitwa swingi: saksafoni zinaita, tarumbeta na tromboni zinaitikia, kama manju na waitikiaji wake, kisha mpigaji mmoja anaachiwa uwanja atambe.

Kizuri hicho. Kilijiuza? Mwaka 1934 bendi ilimfia mkononi, akawa anamuuzia mipangilio yake Benny Goodman, mpiga klarineti Mzungu aliyekuwa amepata kipindi cha Jumamosi usiku katika redio ya NBC kwa udhamini wa kampuni ya biskuti. Udhamini wa namna hiyo haukuwa ukizifikia bendi za Weusi. Fedha za kipindi ndizo zilizonunua karatasi za Henderson.

Sasa sikiliza. Kiangazi cha 1935 Goodman alizunguka Marekani na karatasi hizo hizo. Denver walimkataa. Wiki chache baadaye, tarehe 21 Agosti, katika ukumbi wa Palomar, Los Angeles, alianza kwa nyimbo laini, na ukumbi ukapoa. Alipozitoa za Henderson, vijana waliacha kucheza, wakalisogelea jukwaa wakishangilia. Muziki ule ule, bendi ile ile! Ila kipindi kile kilirushwa New York usiku mwingi, na kwa kuwa saa za California ziko nyuma, vijana wa huko walikuwa wamekisikia miezi kadhaa wakiwa bado macho. Redio ilikwisha kuwauzia muziki kabla bendi haijafika.

Najua nitakavyojibiwa: Henderson alikuwa mpole mno, hakujua kubana watu wake, na ajali ya gari ya 1928 ilimpunguzia ari. Sawa, hakuwa meneja. Lakini kama anayeuza ni meneja, basi kizuri hakijiuzi, nasi tumekubaliana. Wengine watamwita Goodman mwizi. Hapana. Alilipa, alimtaja Henderson waziwazi, na mwaka 1939 akamwajiri. Kosa liko sokoni, na taji la "Mfalme wa Swingi" akavikwa mnunuzi.

Ndugu watangazaji, acheni methali, pigeni nyimbo. Nawe msomaji, tafuta "King Porter Stomp", utunzi wa Jelly Roll Morton, jinsi bendi ya Henderson ilivyourekodi mwaka 1928, kisha sikiliza rekodi ya Goodman ya 1935, iliyopangwa na Henderson huyo huyo. Iliyovuma ni hiyo ya pili.