Tusiwacheke Watoto Wanaopenda Ndege

Ndugu wazazi, hapa Kyambogo tunao vijana ambao ndege ikipita huacha kila kitu wakatazama juu. Huuliza inapaa kimo gani, na roketi huendaje mahali pasipo na hewa. Wengi wetu huwajibu: "Soma, acha ndoto!"

Jibu hilo linawakatisha tamaa bure. Mwaka 2011, jirani yetu tu, Ntinda, Chris Nsamba na wenzake wa kujitolea walikuwa wakiunda ndege uani kwa mama yake, nia ikiwa kufika anga za juu. Ndege ile haikuwafikisha huko. Lakini Desemba 2, 2022, setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliachiwa angani. Ilikuwa kijisanduku cha sentimita 10 kila upande, kazi ya wahandisi vijana watatu wa Uganda waliosomea Japani.

Shauku peke yake haitoshi. Inahitaji hesabu na fizikia. Basi mtoto akiuliza, tumjibu: roketi hubeba oksijeni yake yenyewe. Kisha tumfungulie kitabu. Chuo Kikuu cha Kyambogo, kinachofundisha uhandisi, kiko mlangoni petu. Tusiwe sisi wa kumfungia mlango huo.