Nyumba na Jamaa: Pipa la chakula kabla halijawa pipa la maji



Katika mji wowote ambao maji ya bomba huja kwa zamu, akiba ya maji ni sehemu ya utunzaji wa nyumba kama ilivyo akiba ya unga. Wazee wetu walikuwa na mitungi ya udongo. Baadaye yakaja madebe na mapipa ya chuma. Na siku hizi, katika nyua nyingi za Dar es Salaam na miji mingine, kinachosimama penye kona ni pipa la plastiki la rangi ya buluu, lenye kuchukua lita 200 au zaidi kidogo. Mwaka 2022, ukame ulipopunguza maji ya Mto Ruvu na mgao ukatangazwa Dar es Salaam, thamani ya pipa hilo ilionekana wazi kwa kila mwenye jamaa ya kulisha, kuogesha na kufulia.

Mengi ya mapipa hayo si mapya. Yalikuja kwanza na shehena: sharubati nzito ya kiwandani, mafuta ya kula, nyanya za kusaga, zeituni au achari katika maji ya chumvi. Mengine, na hapo ndipo penye hatari, yalikuja na madawa ya mashambani, tindikali, rangi au sabuni kali za viwandani. Yote huishia kwa muuzaji mmoja, yakapangwa safu moja, kwa rangi moja na bei zinazokaribiana.

Nyumbani pipa huwa la shughuli nyingi. Mama huchota maji ya kupikia, watoto huchota ya kuoga, na kama yumo kijana anayefuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo, naye huchota humo humo maji ya kuwabadilishia samaki wake. Kwa hiyo swali la usafi wa pipa ni la nyumba nzima. Mnunuzi aghalabu huuliza, “Nilioshe kwa dawa gani?” Swali hilo ni jema, lakini ni la pili. La kwanza ni, “Lilikuwa na nini?”

Plastiki si kama kioo. Bilauri ya kioo ukiiosha imekwisha kuoshwa, maana kitu hukaa juu yake tu. Plastiki ya mapipa hunywa kidogo kidogo kile kilichokaa ndani yake kwa muda mrefu, hasa mafuta na vitu vyenye harufu kali, kisha hukitoa polepole siku nyingi baadaye, na jua likilipasha pipa hukitoa kwa wingi zaidi. Ndiyo sababu pipa lililosuguliwa likang'aa laweza kunuka tena baada ya wiki moja. Kilichokuwamo kikiwa ni sharubati ya maembe, kilichobaki ni harufu. Kilichokuwamo kikiwa ni dawa ya kuua wadudu, kilichobaki ni sumu, wala hapana sabuni iwezayo kuifuata ndani ya plastiki. Wataalamu wa kilimo huagiza kwamba chombo cha dawa ya shambani, baada ya kusuuzwa mara tatu, kitobolewe ili mtu yeyote asipate kukitumia tena. Kusuuza huko ni kwa ajili ya kukitupa kwa salama. Hakukifanyi chombo hicho kuwa cha maji.

Basi unaponunua, tafuta karatasi au maandishi ya asili ya pipa. Alama ya bilauri na uma huonyesha kwamba plastiki yake ilitengenezwa kwa kugusana na chakula. Alama ya mishale ya pembetatu yenye nambari 2 ndani yake hutaja aina ya plastiki tu. Hata pipa la sumu laweza kuwa nayo. Alama ya mraba uliosimama kwa pembe, yenye fuvu la kichwa, moto au mkono unaoliwa na tindikali, yatosha kukuondoa hapo. Na pipa ambalo karatasi yake imekwanguliwa, muuzaji naye hajui lilikotoka, liache hata likiwa nusu ya bei. Fungua kizibo, uone kama kuna harufu kwa kupunga hewa kwa mkono kuelekea puani. Usitumbukize uso ndani.

Ukishapata pipa ambalo bila shaka lilikuwa la chakula, angalia ni chakula cha namna gani, maana kila kimoja kina njia yake.

Lililokuwa na vitu vitamu ni jepesi. Sukari huyeyuka katika maji. Jaza maji, acha usiku kucha, mwaga, na urudie kwa siku mbili au tatu. Usichelewe, kwani sukari iliyosahauliwa huleta chachu, ukungu na sisimizi. Lililokuwa na chumvi au siki nalo husafishika kwa maji mengi na subira, ingawa harufu ya achari huwa ngumu kuondoka.

Lililokuwa na mafuta ndilo lenye kazi. Maji peke yake hayayawezi. Yeyusha magadi katika ndoo ya maji ya moto yasiyochemka, yamimine ndani, funga kizibo, kisha livingirishe pipa huku na huku na ulisimamishe kichwa chini. Maji yanayochemka yasitumike, maana huweza kulegeza plastiki na kumuunguza anayelivingirisha. Sugua kwa dodoki au brashi laini iliyofungwa kwenye mti. Waya wa kusugulia masufuria usitumike kabisa. Huacha mikwaruzo ambamo uchafu na vijidudu hupata maficho. Suuza mpaka utelezi uishe katika vidole.

Sasa fanya jaribio ambalo halina gharama. Tia ndoo moja ya maji safi ndani ya pipa, lifunge, uliache juani tangu asubuhi mpaka alasiri. Kisha lifungue. Likinuka, kazi haijaisha. Likiendelea kunuka baada ya kurudia mara kadhaa, lifanye la maji ya kudekia sakafu au la kuwekea mkaa, na roho yako itulie.

Likiwa halinuki, hubaki kuua vijidudu. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, isiyotiwa manukato, yatosha. Soma karatasi ya chupa: ikiwa ina klorini ya asilimia 5, mililita 200 hutosha kwa lita 200 za maji; ikiwa ni asilimia 3.5, tia mililita 300. Jaza pipa mpaka ukingoni, lowesha na mfuniko kwa maji hayo, acha usiku kucha, kisha mwaga na usuuze mara mbili au tatu. Maji hayo si ya kunywa wala ya kumwagia mchicha, yatumie chooni. Kazi hii ifanyike nje penye hewa, watoto wakiwa mbali. Na hili tulikariri kwa sauti: klorini isichanganywe na siki, wala na tindikali yoyote, wala na dawa yenye amonia. Huzaa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Kama umetumia siki kuondoa harufu, suuza kabisa kabla ya kugusa klorini.

Tuje kwa mfuga samaki. Yeye ana masharti magumu kuliko mama wa jikoni. Samaki hupumua kwa matamvua yaliyo chini ya mashavu yake, na kila kilicho majini hupita hapo kuingia katika damu. Mabaki ya sabuni ambayo sisi tusingeyaonja huondoa ute unaomkinga mwilini na kuyadhuru matamvua hayo. Utando mwembamba wa mafuta juu ya maji huzuia hewa kuingia. Kwa hiyo pipa la samaki lisiwe lililokuwa la mafuta, na katika kuliosha sabuni isitumike; maji, dodoki, klorini na kusuuza kwingi vyatosha. Wenye samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao hupendwa sana na wafugaji wa nchi nyingi kwa uzuri wa rangi zao, wakumbuke kwamba maji ya ziwa hilo yana asili ya kimagadi. Mabaki ya siki yatawaondoa samaki hao katika hali waliyoizaliwa nayo.

Klorini yenyewe, iwe ya kusafishia pipa au ile inayotiwa katika maji ya bomba, huunguza matamvua. Lakini huondoka kwa hewa na jua. Maji ya bomba yakae katika pipa lililofunikwa kwa chandarua tu, siku moja au mbili, kabla ya kuyatumia. Kisha badilisha sehemu ndogo ya maji ya tangi, kama robo, na uwatazame. Samaki wanaopanda juu kutwaa hewa, au wanaokimbia huku na huku wakijikwaruza, wamekwisha kukuambia kwamba pipa halijawa safi.

Hapo pana kosa ambalo huonekana kama hekima. Baba huona samaki wa kijana wake wazima katika maji ya pipa, akasema, “Maji haya ni salama, mbona samaki wanaishi?” Samaki hushuhudia juu ya sabuni na klorini, hawezi kushuhudia juu ya kipindupindu. Vijidudu vinavyomlaza mwanadamu kitandani si lazima vimsumbue samaki. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea mikoani, shauri la wauguzi lilikuwa lile lile la siku zote: maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata yakitoka katika chombo kisafi. Pipa lililooshwa vyema hulinda maji yasiharibike zaidi. Haliyageuzi maji machafu yakawa safi.

Tena usafi wa pipa hauishi siku ya kwanza. Mbu wanaoeneza homa ya dengi, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hupenda maji matulivu ya nyumbani, si madimbwi machafu. Hutaga mayai ubavuni mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji tu hakuyaondoi. Yapasa kusugua mbavu za pipa kila wiki, maana yai laweza kuwa mbu kwa siku saba hadi kumi.

Liweke pipa kivulini, juu ya matofali imara, kwa kuwa likijaa huwa na uzito wa kilo 200 na zaidi. Litie koki chini, ili mikono na makopo visiingie ndani. Na mfuniko uwe wa kufunga hasa, kwa sababu ya mbu, na zaidi kwa sababu ya mtoto anayejifunza kutembea. Pipa la wazi lenye maji laweza kumzamisha bila mtu kusikia sauti.

Gharama ya yote haya ni magadi ya shilingi chache, chupa ya klorini, dodoki na siku nne au tano za subira. Nyumba ambamo wote huchota pipa moja, shauri la pipa hilo lisiachiwe mtu mmoja. Baba aulize asili yake sokoni, mama na baba walijaribu kwa jua, vijana wasugue mbavu zake kila Jumamosi. Na jirani akija kuuliza umelinunua wapi, mweleze na lilikuwa na nini.

Tukutane Jumapili ijayo.