Maneno ya uongo yanashusha bei mnadani

Mtindo wa wauzaji kurundika majina ya bidhaa wasizouza katika minada ya intaneti umezoeleka kiasi kwamba wengi huuona kama kero ndogo ya mnunuzi. Hesabu ya soko inaonyesha vingine. Anayeumia zaidi ni muuzaji mwaminifu, na baada yake mwenye soko mwenyewe.

Mfano ulio wazi ni eBay, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa na Pierre Omidyar mjini San Jose, California, mwezi Septemba 1995 kwa jina la AuctionWeb, kisha ikachukua jina la sasa mwaka 1997. Katika soko hilo hakuna meza wala uchochoro wa kupita ukitazama bidhaa. Mnunuzi huandika neno, na kompyuta humletea matangazo yenye neno hilo. Kwa hiyo kichwa cha tangazo ndicho meza ya muuzaji. Zamani kilikuwa na nafasi ya herufi 55. Mwaka 2011 nafasi hiyo iliongezwa hadi herufi 80.

Ujanja huanzia hapo. Mwenye mkoba usio na jina huandika "mkoba wa ngozi, kama Gucci, si Prada". Kwa maneno matupu hajadanganya, lakini kila anayetafuta Gucci au Prada analetewa mkoba wake. Wengine wamewahi kujaza majina ya makampuni katika maelezo kwa maandishi meupe juu ya ukurasa mweupe, ili kompyuta iyasome na jicho lisiyaone. Katika bidhaa za bei iliyotajwa, ambazo leo ndizo sehemu kubwa ya biashara ya eBay, wapo wanaoweka simu na kifuniko chake katika tangazo moja ili bei ya kifuniko ndiyo itangulie kuonekana.

Kanuni za eBay zimepiga marufuku mchezo huu. Haziruhusu kuibeba bidhaa kwa jina la kampuni nyingine kwa kutumia maneno kama "kama" au "si". Hata hivyo, muuzaji wa betri anaruhusiwa kutaja aina ya simu ambayo betri hiyo inaifaa, kwa kuwa mnunuzi anahitaji habari hiyo. Mpaka huo ni wa haki. Tatizo ni nani anayelipa gharama ya kuulinda.

Ili kuona ukubwa wa hasara, ni lazima kutazama jinsi mnada wa eBay unavyokwenda. Kila mnunuzi hutaja kwa siri dau lake la juu kabisa, na kompyuta humpandishia kidogo kidogo hadi ampite anayemfuatia. Maana yake ni kwamba bei ya mwisho huamuliwa na yule wa pili, aliyeshindwa, wala si na mshindi.

Chukulia saa halisi ya Omega yenye wanunuzi watatu, walio tayari kulipa dola 200, 180 na 110. Wote wakiiona, itauzwa kwa dola 182.50, kwani katika kiwango hicho dau hupanda kwa dola 2.50. Sasa yule wa pili afungue kurasa tatu, akute mikanda mitupu na saa za "mtindo wa Omega", achoke na kuondoka. Saa ile ile itauzwa kwa dola 112.50. Muuzaji amepoteza dola 70 kwa kukosa mnunuzi mmoja tu, na hatajua kamwe kwamba mnunuzi huyo alikuwapo. eBay nayo, ambayo hutoza asilimia ya bei ya mauzo, imepunjika.

Wapo wanaosema mnunuzi ajilinde mwenyewe. Ni kweli kwamba anaweza kuweka alama ya kutoa mbele ya neno asilolitaka, na kompyuta ikayaacha matangazo yenye neno hilo. Lakini anayelikataa neno "mkanda" humkosa pia mwaminifu anayeuza saa yenye mkanda mpya. Wengine husema sifa ya muuzaji itamwadhibu, kwa kuwa tangu mwaka 1996 soko hilo lina utaratibu wa wanunuzi kutoa maoni juu ya wauzaji. Hoja hiyo nayo ina tundu: maoni hutolewa na aliyenunua, na aliyepotezewa muda hakununua kitu.

Kinachobaki ni kuripoti. Hapo muuzaji mwaminifu anageuzwa mgambo asiye na mshahara, akikagua matangazo ya wenzake badala ya kufunga mizigo yake.

Dawa ni kuufanya udanganyifu uwe na bei. Zamani ada ya tangazo ilikuwa breki ya namna fulani, na tangazo likiondolewa kwa kukiuka kanuni ada hairudishwi. Leo wauzaji hupewa idadi fulani ya matangazo bila ada kila mwezi, na tangazo la bure halina cha kupoteza. Ingefaa anayeondolewa tangazo kwa kuchomeka majina apoteze haki ya matangazo ya bure, alipe ada kamili kwa muda maalumu, na akirudia bidhaa zake zote ziwekwe nyuma.

Ugumu ni kwamba tangu mwaka 2015 eBay huuza nafasi za mbele kwa wauzaji wanaokubali kukatwa zaidi. Si kosa, ilimradi ionekane wazi kwamba nafasi imelipiwa. Lakini sasa mwaminifu aliyefunikwa na takataka anaweza kulazimika kulipia ili aonekane, na malipo hayo humwendea yule yule aliyepaswa kufagia. Mwenye soko asipoharakisha usafi, wauzaji watakuwa na haki ya kuuliza sababu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika mnada wa kompyuta kizuri hujiuza pale tu kinapoonekana, na kuulinda uwanja huo ni kazi ya anayekusanya ushuru.