Likizo ya Familia: Maporomoko ya Sipi

Familia nyingi za askari zikaazo Busia na Tororo zipatapo siku za mapumziko huenda kuutazama Mwamba wa Tororo, pengine wakaupanda, kisha wakarudi nyumbani. Mwamba huo ni mzuri. Lakini aliye na siku moja ya ziada na akiba ya nauli afadhali aendelee kaskazini hadi Sipi, penye magenge na makorongo ya Mlima Elgon.

Atokaye Busia ya Kenya huvukia kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018. Tangu 2014 raia wa Kenya na Uganda huweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtoto asiye nacho, wazazi wamwulizie mapema kwa maofisa wa uhamiaji, wasije wakarudishwa na vikapu vyao vya chakula. Toka Tororo hadi Mbale ni kiasi cha kilometa 45, na mbele ya hapo gari huanza kuukwea mlima kwa barabara ya Kapchorwa.

Sipi ni mto mmoja uangukao mara tatu. Poromoko kuu, lililo chini ya mengine, lina kimo cha karibu meta 100. Nyuma ya maji ya lile la pili mna mapango. Kuyazungukia yote matatu kwa miguu huchukua kama saa nne, katikati ya migomba na mashamba ya kahawa ya Wasabiny, ambao usemi wao u karibu na ule wa Wasabaot walio upande wa Kenya. Masweta yasisahauliwe, kwani mahali hapo pako zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari.

Ila mvua isifanyiwe mzaha. Udongo wa Elgon ukilowa sana huteleza, tena huporomoka: mwaka 2010 huko Bududa, na Novemba 2024 huko Bulambuli, jirani na Sipi, watu walifukiwa pamoja na nyumba zao. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ilifurika mjini Mbale, ikaua. Kwa hiyo safari ipangwe kati ya Desemba na Februari, mvua zipunguapo. Akodiwe mwenyeji aijuaye njia, na ujira wake upatanwe kabla ya kuondoka. Kandambili ziachwe nyumbani. Baba aliyezoea gwaride na mbio za nyika asiwapime watoto kwa miguu yake. Walio wadogo watosheke na poromoko kuu, ambalo huonekana vizuri hata toka juu, karibu na barabara.