Mgeni njoo, mwenyeji apone: Mpango wa utalii wa Kisumu uanzie Nyamasaria

MSAFIRI anayeingia Kisumu kwa barabara ya kutoka Ahero hupokewa na Nyamasaria. Hapo ndipo nyanda za Kano zinapoishia na jiji linapoanza, kwa honi za matatu, msongamano wa bodaboda na daraja linalovuka mto wenye jina lilo hilo. Ni wachache wanaotupa macho chini kuangalia maji yanayopita. Laiti wangefanya hivyo, wangeuona mustakabali wa utalii wa jiji hili ukielekea ziwani.

Mto huo hubeba udongo kutoka mashambani na taka za mitaa inayozidi kupanuka, kisha huzimwaga katika Ghuba ya Winam. Mto Auji, unaopita katika mitaa ya Manyatta na Nyalenda, nao hufanya vivyo hivyo. Maji hayo huishia kwenye ufuo ule ule ambako mgeni hupelekwa apande mashua, awatazame ndege na viboko, kisha ale samaki. Ni sawa na mtu anayemkaribisha mgeni sebuleni ilhali mfereji wa uchafu ameuelekeza humo humo.

Katika miaka mingi ambayo mwandishi huyu amekaa kwenye meza ya uhariri, habari za utalii wa eneo la ziwa zimekuwa zikifika kwa sura moja: kuna jambo limezinduliwa. Mwaka 2001 Kisumu ilitangazwa kuwa jiji. Mwaka 2012 uwanja wake wa ndege ulifunguliwa upya ukiwa wa kimataifa. Mwaka 2019 bandari kuukuu ilikuwa ikikarabatiwa, na Mei 2022 jiji likawa mwenyeji wa kongamano la Africities lililowaleta viongozi wa miji kutoka kila pembe ya Afrika.

Hakuna anayeweza kukana kwamba hatua hizo zilihitajika. Hata hivyo, zote ni njia za kumfikisha mgeni. Swali ambalo halijajibiwa ni atakachokikuta akishafika, na nani anayekitunza.

Hazina iliyopo

Si kweli kwamba eneo hili halina cha kuonyesha. Ndani ya jiji lenyewe mna Hifadhi ya Impala, iliyotengwa rasmi mwaka 1992 kwenye kipande cha ardhi kisichofika hata nusu ya kilomita mraba. Kisiwa cha Ndere kilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1986. Kando ya barabara ya kuelekea Bondo kuna Kit Mikayi, lile jiwe la mke wa kwanza, ambalo waumini hulizuru kwa maombi na watalii kwa kustaajabu.

Ukienda kusini, katika Kaunti ya Homa Bay, utaikuta Mbuga ya Ruma, makao ya mwisho nchini ya swara aina ya korongo. Katika Kaunti ya Migori kuna ngome za mawe za Thimlich Ohinga, ambazo shirika la Unesco liliziorodhesha kuwa turathi ya dunia mwaka 2018. Katika Kisiwa cha Rusinga amezikwa Tom Mboya, na huko Bondo, Kaunti ya Siaya, amezikwa Jaramogi Oginga Odinga. Isitoshe, kijiji cha Kogelo kilijulikana kote ulimwenguni Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani mwaka 2008.

Lakini hazina iliyo karibu zaidi na mwananchi wa kawaida ni kinamasi cha Dunga. Humo mafunjo huota kwa wingi, na kuna ndege ambao hawaishi kwingine ila katikati ya mafunjo. Wapenzi wa ndege husafiri kutoka ng'ambo kwa ajili yao. Vijana wa Dunga walilitambua hilo mapema, wakaunda vikundi vya kuwatembeza wageni na kuyalinda mafunjo. Huo ni utalii ambao haukuanzia katika ofisi yoyote jijini Nairobi.

Mafunjo yana kazi nyingine isiyoonekana. Mizizi yake huchuja matope na kunyonya mbolea iliyomo majini kabla haijafika ziwani. Yakikatwa yote au yakifukiwa ili pajengwe, ziwa hubaki bila kichujio. Matokeo yake wakazi wa Kisumu wanayafahamu vyema: gugumaji.

Mnamo 1998 gugu hilo lilikadiriwa kufunika takriban hekta 17,000 za Ghuba ya Winam. Mashua zilikwama, wavuvi wakakaa bila kazi na meli zikashindwa kutia nanga. Wadudu waliopandwa ili kulila, pamoja na mawimbi na mvua za El Nino, walilipunguza, lakini kufikia mwisho wa 2006 lilikuwa limerejea. Tangu hapo limekuwa likija na kuondoka kwa jinsi upepo unavyovuma, na halitakoma maadamu mito inaendelea kulilisha.

Funzo la Lwang'ni

Yeyote aliyezuru Kisumu kabla ya 2019 anaikumbuka Lwang'ni, vibanda vya samaki vilivyokuwa vimejipanga ukingoni mwa ziwa karibu na reli. Jina lenyewe ni la Kiluo na maana yake ni nzi. Licha ya jina hilo, mawaziri, madereva wa matatu na watalii waliketi pamoja wakila ngege kwa ugali, mikono ikiwa imezama kwenye mchuzi. Hakuna tangazo la biashara lililowahi kulipiwa kuinadi, nayo ilijulikana kote nchini.

Mwaka 2019 vibanda hivyo vilibomolewa wakati bandari na ardhi ya reli zilipokuwa zikitayarishwa upya. Ni haki kusema kwamba serikali ilikuwa na hoja. Ardhi ilikuwa ya umma, na uoshaji wa magari papo hapo ukingoni ulikuwa ukimwaga mafuta na sabuni ziwani. Mwenye kulitetea ziwa hawezi kuutetea uchafu ule.

Hata hivyo, kuondoa uchafu ni jambo moja na kuondoa kivutio ni jingine. Mpango wa utalii ungeanza kwa kuuliza vipi samaki yule ataendelea kuliwa mbele ya ziwa, safari hii kukiwa na vyoo, mitaro na mahali pa kutupa taka, ndipo matingatinga yaitwe. Kilichotokea ni kwamba uamuzi ulifanywa kwa jicho la bandari na reli. Jicho la utalii halikuwepo mezani.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Katiba ya 2010 iliiachia serikali kuu sera na ustawishaji wa utalii, ikazipa kaunti utalii wa mashinani. Sheria ya Utalii ya 2011 nayo inaitaka wizara kuandaa mkakati wa taifa kila baada ya miaka mitano. Kwenye karatasi, kazi imegawanywa vizuri.

Lakini tazama ufuo mmoja tu wa Kisumu. Wanyama wako chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Makavazi na turathi ziko chini ya Makavazi ya Kitaifa. Mito ina mamlaka yake, mazingira yana yake, na bandari na reli zina zao. Wavuvi wana kamati zao za usimamizi wa fuo, na kaunti ina idara yake ya utalii. Kila mmoja hutoza ada yake na kutoa kibali chake. Hakuna hata mmoja anayewajibika mto unapoharibika kule Nyamasaria na hasara yake kuonekana Dunga. Chombo cha wengi hakikosi kuzama.

Kuhesabu vichwa

Tatizo la pili ni namna tunavyopima mafanikio. Mwaka 2024 Kenya ilipokea wageni wa kimataifa takriban milioni 2.4, na takwimu hiyo ikashangiliwa. Haimwambii mkazi wa Nyamasaria ni wangapi kati yao waliolala Kisumu, walikaa siku ngapi, wala ni shilingi ngapi zilizobaki kwa mwenye mashua na mama muuza samaki. Mgeni anayetua asubuhi, akapiga picha machweo yakiingia na kuondoka alfajiri huhesabiwa sawa na yule anayekaa wiki nzima.

Mpango unaojengwa juu ya idadi ya vichwa hutafuta vichwa zaidi. Maasai Mara ilipitia njia hiyo. Kambi na hoteli ziliongezeka mwaka baada ya mwaka, magari yakasongamana kwenye vivuko vya nyumbu, na mpango wa usimamizi wa kuanzia 2023 hadi 2032 ukaja wakati majengo yalikuwa yamekwisha kusimama. Julai 2024 Kaunti ya Narok ilipandisha ada ya mgeni kutoka nje hadi dola 200 kwa siku katika msimu wa kilele. Hiyo ni dawa ya aliyekwisha kuugua. Kisumu bado ina fursa ya kinga.

Ng'ambo ya maji, jiji la Mwanza nalo lina kisiwa cha Saanane, ambacho Tanzania ilikifanya hifadhi ya taifa mwaka 2013 licha ya udogo wake na kuwa kwake mlangoni mwa jiji. Dunga, yenye mafunjo na vikundi vya vijana vilivyokwisha kujifunza kazi, inastahili ulinzi wa kisheria usiotegemea hisani ya afisa aliye ofisini kwa wakati huo.

Yapasayo kufanywa

Kwanza, mipaka ya vinamasi kuanzia midomo ya mito hadi Dunga ipimwe, iwekewe alama na kutangazwa rasmi. Asiyejua mpaka uko wapi hawezi kulaumiwa kwa kuuvuka, na anayejua hatakuwa na kisingizio.

Pili, mito itunzwe kuanzia inakotoka. Nyando na Kibos huanzia katika miinuko ya Nandi, nje ya mamlaka ya Kisumu. Muungano wa kiuchumi wa kaunti 14 za eneo la ziwa ungefaa uwe na shughuli nyingine zaidi ya mikutano. Sehemu ya mapato ya utalii wa ziwa ikirudi kwa mkulima anayepanda miti ukingoni mwa mto, naye atakuwa na sababu ya kulifikiria ziwa ambalo pengine hajawahi kuogelea.

Tatu, kiwango ambacho maji yalifikia Mei 2020 kiwe ndicho mpaka wa ujenzi. Mwezi huo ziwa lilivuka rekodi iliyokuwa imewekwa 1964, fuo zikazama na watu wakahama makwao. Kuruhusu hoteli nyingine chini ya alama hiyo ni kumdanganya mwekezaji na mwajiriwa wake.

Nne, pawe na tikiti moja ya kanda nzima, itakayomwezesha mgeni kwenda Kit Mikayi, Ndere, Ruma na Thimlich Ohinga bila kuanza upya kila langoni. Mgeni akiwa na sababu ya kulala siku nne badala ya moja, jiji halitahitaji wageni mara nne ndipo lipate fedha zile zile. Mapato hayo nayo yagawanywe kwa fomula inayojulikana, ili kijana anayelinda mafunjo alipwe kwa kazi hiyo, asilazimike kuyakata na kuyauza.

Wapo watakaosema kuwa mkazi wa Nyalenda au Nyamasaria ana shida kubwa kuliko ndege wa mafunjo. Ni kweli, na ndiyo sababu hasa ya kuutazama mto kwanza. Mtaro unaozuia uchafu kufika Dunga ndio huo huo unaozuia mafuriko kuingia nyumbani mwake, na ndio utakaowaepusha watoto wake na kipindupindu. Pengine huu ndio utalii pekee ambao mwenyeji atafaidika nao hata kabla mgeni hajafika.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kisumu imetumia miaka mingi na fedha nyingi kwa nusu ya kwanza ya methali hiyo. Nusu ya pili ingali inasubiri, chini ya daraja la Nyamasaria.