Daftari la kilio na daftari la kampeni

Wandugu wa Kenya, Katuba, Kamalondo na Lubumbashi nzima,

Mtu akifa katika avenyu yetu, kabla turubai halijafungwa vizuri, meza ndogo inawekwa mlangoni na kijana mwenye mwandiko mzuri anakaa na daftari. Baba fulani, franga 2000. Mama fulani, mfuko wa unga. Wakwe wana ukurasa wao, mashemeji wana wao. Siku ya kuondoa kilio yote yanasomwa kwa sauti, na hakuna anayeona ametukanwa. Tunataka kujua nani amechanga, na marehemu alikuwa nani kwake.

Kampeni ya uchaguzi wa Desemba 2023 ilipopita hapa, nani alishika daftari?

Nakumbuka lori lililosimama karibu na soko la Kenya: fulana zenye picha ya mgombea ubunge wa jimbo, unga wa bukari katika vifuko, muziki wa kupasua masikio. Mama muuza lengalenga alipokea fulana yake, akajifuta nayo jasho, akaniuliza, "Mwanangu, mafuta ya lori hili analipa nani?" Sikuwa na jibu. Miezi baadaye kijana aliyekuwa juu ya lori akigawa unga alionekana akizunguka maofisini na dosie ya kazi ya mitaro. Watu wakanong'ona kwamba ni shemeji wa mgombea. Huenda ni kweli, huenda ni maneno ya mtaani. Hakuna karatasi ya kuthibitisha wala ya kukanusha, na hilo linamchafua hata mbunge mwaminifu.

Mbunge wa jimbo si mtu mdogo. Yeye na wenzake ndio wanaochagua gavana na maseneta 4 wa jimbo, na ndio wanaopitisha bajeti. Tangu sheria ya madini ilipofanyiwa marekebisho 2018, asilimia 25 ya mrabaha wa madini ni ya jimbo. Hapa Haut-Katanga, penye shaba na kobalti, kura ya mtu huyo ina bei, na wanunuzi wanaijua. Uchaguzi wa maseneta wa Machi 2019 ulijaa malalamiko ya rushwa kiasi kwamba Rais Tshisekedi alisimamisha kwa muda kuanza kazi kwao. Januari 2024 tume ya uchaguzi, CENI, ilifuta kura za wagombea 82, wengine kwa wizi wa kura, wengine kwa rushwa.

Pesa hupenda kupita mlango wa familia. Novemba 2021 waandishi na mashirika ya nchi mbalimbali walitoa uchunguzi ulioitwa Congo Hold-up. Kwa hesabu yao, angalau dola milioni 138 za umma ziliwafikia ndugu na washirika wa Rais wa zamani Joseph Kabila, nyingi zikipitia benki ya BGFI ya Kinshasa. Benki hiyo iliongozwa na ndugu yake wa kulelewa, na dada yake alikuwa na asilimia 40 ya hisa. Na kabla ya uchunguzi huo tusingejua mengi kuhusu benki hiyo kama Jean-Jacques Lumumba, aliyekuwa akifanya kazi humo, asingeondoka na nyaraka mwaka 2016 na kukubali kuishi uhamishoni. Nchi haiwezi kungoja kila mara mtu mmoja avunje maisha yake ili sisi tujue nani ni ndugu wa nani.

Simlaumu mtu kwa kuwa na ndugu. Kwetu ndugu ndiye bima, ndiye hospitali. Lakini Katiba yetu yenyewe inajua mali inavyotembea nyumbani: kifungu cha 99 kinamtaka Rais na mawaziri watangaze mali ya familia, ya mwenzi wa ndoa na ya watoto wanaowategemea. Wabunge wa jimbo hawatajwi humo. Hapo ndipo pa kuanzia.

Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Basi tuandike. Kila avenyu ifungue daftari, kama la kilio. Juu tuandike ombi kwa Bunge la Jimbo la Haut-Katanga: kila mbunge atangaze ni nani waliochangia kampeni yake na kiasi gani; ni ndugu gani, mkwe au shemeji wa wachangiaji hao anayeleta dosie bungeni au serikalini; na ni nani kati yao ana kazi inayolipwa na jimbo. Chini yake, majina yetu na sahihi. Asiyejua kuandika aweke kidole.

Mama wa soko, makanisa, misikiti, wanafunzi wa Chuo Kikuu chetu, Unilu, wachimbaji, vyama vya makabila, msingoje kuitwa. Msikubali pia chama chochote kiliteke daftari hili. Mgombea akitaka kusaini, asaini kama jirani. Muda upo: uchaguzi ujao ni 2028, na malori hayajaanza kupakia unga.

Madaftari yakijaa tutayapeleka mchana, kwa miguu, bila vurugu, nakala mbili. Moja ibaki bungeni. Nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, irudi mtaani, ibandikwe sokoni karibu na meza za lengalenga. Kuanzia tarehe hiyo tuhesabu miezi 3.